Fundi Akishaondoka

Leo mazungumzo yetu ni ya kompyuta. Msizime redio. Mwenye kompyuta achukue kalamu, na asiye nayo akae vilevile, maana mtoto wake, mpwa wake au mwalimu wa mtoto wake atamhitaji mtu wa kumwambia haya.

Kuna programu zisizo na picha za kubofya. Unafungua dirisha jeusi, unaandika amri, unajibiwa kwa maandishi. Python, wanayojifunzia vijana kuandika programu, ni mojawapo. Git, ya kutunza matoleo ya kazi, ni nyingine, na kwenye Linux ziko tele. Kijana anapakua, anasakinisha, anaambiwa kazi imekwisha salama. Anafurahi. Anaandika amri yake ya kwanza, na mashine inamjibu kwamba haijui anachokitaja. Hapo, kati ya "imekubali" na "imegoma", ndipo vijana wengi hukata tamaa na kusema kompyuta si kazi yao.

Dirisha jeusi linatisha, najua. Watu wanadhani ni la wataalamu, au la wale wezi wa benki wa kwenye filamu. Lakini mama anayeuza ndizi pale Nkwenda amepiga leo asubuhi nyota, mia moja hamsini, nyota, sifuri sifuri, reli. Akajibu moja, akaandika namba ya mtu, akaandika kiasi, akaweka namba ya siri, akabofya kutuma. Hizo ni amri za kuandika. Hakuna picha pale. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, kwa hiyo mama yule ana uzoefu wa skrini ya maandishi kuliko wahitimu wengi wa vyuo. (Na hiyo reli tunaitaja kila siku, sisi wa Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili zisizo na hata mita moja ya reli. Hilo nawaachia wabunge.)

Mama huyohuyo anajua pia kwamba kununua laini si kuwa na laini. Kadi ukishaichomeka kwenye simu, mnara unasoma, vijiti vyote vimejaa, lakini bado. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, tukapanga foleni za vitambulisho vya NIDA, na tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa, kila mtu alielewa somo: kitu kimo simuni mwako, kizima, hakina kasoro, na hakifanyi kazi kwa sababu hatua zilizobaki hazijafanywa. Sajili jina. Fungua akaunti ya pesa. Weka namba ya siri. Baada ya hapo ndipo shemeji aliyeko Mwanza anaweza kukutumia ya sabuni.

Programu za amri zina tabia hiyohiyo, na waliozitengeneza hawakuificha. Chukua Debian, mfumo wa Linux ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ambao Ubuntu ilizaliwa kutoka kwake mwaka 2004. Kule, kuweka programu ni kazi mbili zinazohesabiwa mbalimbali. Kwanza mashine inafungua kifurushi na kupanga mafaili mahali pake. Kisha inaiseti. Ina hata daftari la kuandika kila programu imefika hatua gani: hii imefunguliwa tu, hii imefunguliwa na kusetiwa. Programu inaweza kukaa mwaka mzima katika hali ya kwanza, ipo lakini haijawa tayari.

Kwa huku kwetu jambo hili si la vitabuni. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mkoa wa Kagera ilipata umeme wake kutoka Uganda, kwa laini inayotoka Masaka kuja Kyaka, na tunajua umeme unavyoweza kuondoka bila kuaga. Ukiondoka wakati Ubuntu inaseti programu, ukirudi mashine inakataa kuweka chochote kipya. Haikatai kimya. Inaandika, tena waziwazi, kwamba kazi ilikatizwa na kwamba uandike amri fulani. Inakupa na amri yenyewe. Nitaisoma taratibu: sudo, nafasi, dpkg, nafasi, kistari kistari configure bila nafasi kati, nafasi, kistari a. Mwisho. Unabofya Enter, inaendelea pale ilipoachia.

Sasa fikiria kinachotokea mara nyingi badala yake. Mwenye mashine anaona maneno ya Kiingereza, anafunga, anampigia fundi. Fundi naye hasomi. Anasema mfumo umekufa, anapiga upya mashine nzima, na picha za harusi, mitihani ya kidato cha pili na hesabu za chama cha ushirika (AMCOS) za msimu uliopita zinaondoka zote. Kwa mstari mmoja ambao skrini ilikuwa imeshauandika! Mimi sina ugomvi na mafundi. Nina ugomvi na haraka.

Niseme na jambo linalowaumiza wanaoanza, lililo ndani ya amri ile ile: neno sudo linaomba mamlaka ya msimamizi, na mashine inataka neno la siri kwanza. Linux ikikuomba neno la siri kwenye dirisha jeusi, mara nyingi ukiandika huoni kitu. Hakuna nyota, hakuna vidoti, kimstari kimesimama palepale. Watu wanadhani kibodi imekufa. Haijakufa. Inaficha hata idadi ya herufi zako ili aliye nyuma ya bega asihesabu. Andika, bofya Enter. Anayemsaidia mtu aliseme hili mapema, kabla mtu hajaanza kugonga kibodi kwa hasira.

Turudi kwa vijana wa Windows, ambao ndio wengi. Kile kisakinishi cha Python ambacho wengi wanacho, dirisha lake la kwanza lina kisanduku kidogo chini kabisa, kinachouliza kama uongeze Python kwenye PATH. Hakina tiki. Kijana hakioni, au anakiona na kukiacha kwa sababu hajui PATH ni nini, na nani angejua? Anabofya kitufe kikubwa cha juu. Inasakinishwa. Inaandika imefanikiwa, na ni kweli imefanikiwa. Akiandika python, hakuna kitu. Kwenye Windows 10 tangu mwaka 2019 ni balaa zaidi: anafunguliwa duka la Microsoft, apakue tena Python ambayo tayari anayo, na bando linakatika.

PATH ni orodha. Ni wazo lililotoka kwenye Unix ya miaka ya 1970 na halijabadilika sana. Unapoandika jina la programu, mashine haipekui diski nzima, ingechukua muda. Inapita kwenye orodha fupi ya folda, moja baada ya nyingine, inatafuta faili lenye jina hilo. Ikilikuta inaliwasha. Orodha ikiisha bila kulikuta inasema haijui. Kwa hiyo mashine inapokujibu kwamba haiijui Python, usisakinishe tena. Haisemi kwamba Python haipo. Inasema Python haipo kwenye folda ilizoambiwa kutazama. Kosa la kusakinisha mara ya pili, ya tatu, kila mara bila tiki, ndilo linalokula bando kuliko yote.

Tiba yake? Mara nyingi kuandika py peke yake, p na y, kunatosha, kwa sababu kisakinishi hicho huweka kiwashio kidogo chenye jina hilo mahali ambapo orodha inapafikia hata kama hukuweka tiki. Ukitaka kumaliza kabisa, fungua kisakinishi kilekile, chagua kubadilisha (Modify), uweke tiki hiyo. Halafu, na hapa naomba msikilize, funga dirisha jeusi na ufungue jipya. Dirisha linapofunguliwa huchukua nakala yake ya orodha, na nakala hiyo haibadiliki hata ukibadilisha orodha yenyewe. Kijana anaweza kuwa amefanya kila kitu sawasawa, akajaribu kwenye dirisha la zamani, likamwambia hapana, naye akarudi kuharibu alichokwisha kutengeneza. Nawaonea huruma kweli hao.

Wenye kompyuta za Apple huku si wengi, lakini mfano wao una faida. Kuna programu yao ya kuwekea programu nyingine, Homebrew, aliyoianzisha Max Howell mwaka 2009. Ikimaliza kujisakinisha inaandika kichwa kinachosema hatua zinazofuata, na chini yake mistari ya kunakili jinsi ilivyo. Mashine za Apple zenye aina ya chipu iliyoanza kutoka mwishoni mwa 2020 zinaiweka kwenye folda isiyo kwenye orodha, kwa hiyo bila mistari ile hutapata kitu. Ni msaada mzuri, umeandikwa na watu waungwana. Na bado watu wanaona kazi imekwisha, wanafunga dirisha, kisha wanauliza mbona haifanyi kazi. Maandishi peke yake hayatoshi. Anatakiwa mtu wa kumwambia mwenzake, "Subiri, usifunge, soma hapo chini."

Na huyo mtu, wilaya hizi, kwa kawaida ni fundi. Mazungumzo yake na mwalimu wa maabara ya kompyuta huwa hivi:

"Fundi, imekubali?"

"Imekubali, mwalimu. Zote nimeshakuwekea."

"Kesho nikiwasha itaenda?"

"Utaandika tu, itaenda."

"Nitaandika nini?"

"Mwalimu, wewe nipigie."

Fundi anapanda bodaboda. Kesho yake mwalimu yuko mbele ya darasa, hajui alichowekewa, hajui kiko wapi, na fundi simu yake haipatikani, yuko bondeni kwa mteja mwingine.

Niwakumbushe kitu. Karagwe si mgeni wa mafunzo ya ufundi. Miaka ya 1990 shirika la KARADEA lilianzisha hapa kituo cha kufundisha mafundi wa umeme wa jua, wakati vijiji vingi nchini havijawahi kuona paneli. Kwa hiyo hatuna upungufu wa vichwa vya kujifunza. Ninachokitaka kwa mafundi wetu wa leo ni kitu kimoja tu: fundi asiguse kibodi. Akae pembeni, mikono mifukoni, aseme. Mwenye mashine aandike. Itachukua muda mara tatu. Fundi atauma meno kumwona mwalimu akitafuta kistari kiko wapi. Lakini mwalimu aliyekitafuta mara moja anajua kilipo, na fundi aliyeandika kwa niaba yake amemwachia mashine ya watu.

Tena kuna hatua ambayo fundi akiifanya yeye, inageuka kuwa hasara ya kudumu. Git, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005, mara ya kwanza unapotaka kuhifadhi toleo la kazi yako inakuuliza wewe ni nani. Inataka jina na barua pepe. Haiendelei bila hivyo. Fundi mwenye haraka anaandika jina lake na barua pepe yake, ili imuondokee. Akiwa na mashine ishirini anaseti moja na kunakili diski kwenye zilizobaki. Tangu siku hiyo kila kazi ya kila mwanafunzi wa shule ile inahifadhiwa kwa jina la fundi. Binti anahangaika miezi mitatu kutengeneza programu ya kupanga ratiba ya shule, siku anaonyesha kazi yake kwa mwajiri, imeandikwa jina la mwanamume wa Omurushaka mwenye duka la simu. Na si jambo la kufuta na kuandika upya kirahisi, kwa sababu jina limeingia katika kumbukumbu ya kila toleo. Kulibadilisha ni kuandika upya historia yote ya kazi ile.

Mnaijua hali hii. Piga nyota mia moja na sita reli, uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Wapo waliokuta laini wasizozijua.

Amri yenyewe naisoma, aandike mwenyewe, kwa mkono wake: git, nafasi, config, nafasi, kistari kistari global, nafasi, user nukta name, nafasi, halafu jina lako ndani ya alama za kunukuu. Ya pili ni ileile, ila badala ya user nukta name unaweka user nukta email, na barua pepe yako. Walimu wa maabara, hapa kuna mtego. Neno global linaweka jina kwa akaunti nzima ya Windows. Kama wanafunzi wote wanaingia kwa akaunti moja, na shule nyingi ndivyo zilivyo, basi jina litakuwa la yule aliyeandika mwisho. Katika hali hiyo liondoeni neno global pamoja na vistari vyake, mwanafunzi aandike amri akiwa ndani ya folda ya kazi yake. Jina litakaa kwenye folda ile tu.

Nije kwenye saa. Mnacheka? Sisi tuko mpakani. Uganda saa yao na yetu ni moja. Rwanda wako nyuma yetu kwa saa nzima, na ukiwa kwenye vilima vya magharibi vinavyotazama Mto Kagera, simu inaweza kudaka mnara wa ng'ambo na kukurudishia saa. Watu wamekosa ibada kwa hilo. Kompyuta haidaki mnara, lakini zile za mtumba tunazoletewa mashuleni zina ugonjwa wake: betri ya duara, ukubwa wa sarafu, iliyo kwenye ubao mkuu, imekufa. Ukichomoa umeme saa inarudi miaka mingi nyuma. Na kompyuta inayodhani ni mwaka 2010 haiwezi kuzungumza na intaneti vizuri, kwa sababu kila tovuti inayolindwa huonyesha hati yenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Mashine inaiangalia hati ya leo na kuiona haijaanza kutumika. Inakataa. Ubuntu nayo inakataa kusasisha orodha yake ya programu, ikisema faili ililolipokea bado halijafikia muda wake. Nimeona mtu akilaumu mtandao siku nzima, akanunua bando la kampuni nyingine, akapanda hadi kilimani kutafuta mawimbi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa baada ya kusakinisha chochote: tazama saa na tarehe pembeni ya skrini. Na ukiona saa imepishana kwa saa moja kamili, usiisukume kwa mkono. Badilisha ukanda wa saa, uchague Dar es Salaam au Nairobi, ni mamoja. Ukiisukuma kwa mkono huku ukanda ni wa Kigali, utaona saa sahihi pembeni ya skrini, lakini ndani mashine itakuwa imepotea kwa saa nzima, na zile namba za uthibitisho zinazobadilika kila sekunde 30 zitakataliwa zote.

Wengi wetu tunasaidiana kwa mbali. Kijana yuko Kaisho, kaka yake yuko Bukoba au Dar es Salaam, katikati ni simu. Kijana anasema, "Kaka, imeandika maneno mengi, imegoma." Kaka anaanza kubahatisha: zima, washa, futa, weka upya. Ningekuwa na mamlaka ningepiga marufuku kubahatisha. Sema, "Nisomee." Hajui Kiingereza cha mashine? Asome herufi kwa herufi, hata kama haelewi. Asitafsiri. Kijana aliyetoka shule ya msingi, ambako kwa kawaida karibu kila kitu ni Kiswahili, akakutana na sekondari na skrini hii kwa mwaka mmoja, atajitahidi kukupa maana, na maana yake itakupoteza. Unataka maneno yenyewe, kama yalivyo. Python ikigoma, mstari wa maana huwa wa mwisho. Programu nyingine zikitoa makosa mengi mfululizo, la kwanza ndilo lililozaa mengine. Kwa hiyo aanze na mstari wa mwisho, kisha apande juu.

Kiswahili chenyewe hakijakaa nje ya kompyuta, tusijidharau. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, walitoa Jambo OpenOffice kupitia mradi wa Kilinux: programu ya kuandikia barua na kupiga hesabu, menyu zake zote Kiswahili. Kazi kubwa. Lakini menyu ni kitu cha kutazama, na skrini nyeusi ni kitu cha kutamka, hasa kwa simu na kwa redio. Hapo wananchi wametangulia wataalamu. Nyota tunayo. Reli tunayo. Nukta, kistari, nafasi, mkwaju kwa ule mstari ulioinama mbele, mkwaju wa nyuma kwa ule wa Windows. Kubalianeni kabla ya kuanza, kaka na mdogo wake, nani anaita nini, maana kistari cha kati na kistari cha chini vimeshavunja amri nyingi kuliko virusi.

Mkitumiana amri kwa WhatsApp, angalieni tena. Nyota mbili zikikumbatia neno, WhatsApp inazimeza na kulikoza neno hilo. Vistari viwili vya chini inavimeza na kulilaza. Kibodi ya simu inaanza kila ujumbe kwa herufi kubwa, na Linux haizijui Git na git kuwa ndugu. Simu nyingine zinaunganisha vistari viwili kuwa kimoja kirefu, na kuzipinda alama za kunukuu zifanane na za kitabuni, mashine haizitambui. Dawa: zungushia amri yote vimkato vitatu vya nyuma (backtick), mwanzoni na mwishoni. WhatsApp itaiacha jinsi ilivyo. Kistari kirefu, herufi kubwa na alama za kunukuu zilizopinda bado utavikagua kwa macho.

Asiye na kompyuta ana Termux, programu inayompa dirisha jeusi kwenye simu ya Android, na inafundisha vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Mtego wake ni mmoja: toleo la duka la Google lilisimamishwa masasisho mwaka 2020, na miaka iliyofuata watu walilisakinisha na kukuta kila amri inagoma. Wenyewe wanaelekeza watu kuichukua kwenye duka la F-Droid. Ukiisakinisha, andika pkg upgrade kwanza, kisha termux kistari setup kistari storage ili simu ikuulize ruhusa ya kufikia mafaili yako. Bila ruhusa hiyo utaandika kazi yako na hutaiona kwenye simu.

Onyo, kwa ufupi. Amri ya kunakili kutoka kwa mtu usiyemjua ni sawa na kumwachia mtu huyo kibodi. Ikiwa inaanza na sudo, uliza kila neno ni la nini. Anayekusaidia hahitaji neno lako la siri hata kidogo. Akitaka uliandike, ageuke upande wa pili.

Mwisho ni hesabu ya bando, kwa wale wanaotaka kuseti maabara nzima. Msipakue kwenye kila mashine. Pakueni mara moja Kayanga, bebeni kwa flash. Kisakinishi cha Python hakifiki MB 30. Vifurushi vyake vya ziada vinachukuliwa kwa amri ya pip download, vikafika kwenye folda moja, na kule shuleni mnaviweka kwa pip install, kistari kistari no kistari index, halafu kistari kistari find kistari links, mkitaja folda ya flash na jina la kifurushi. Mashine haitagusa intaneti kabisa. Ila mashine ya kupakulia na za kuwekea ziwe na toleo moja la Python na mfumo wa aina moja, la sivyo vifurushi vitakataliwa.

Kwa hiyo kabla hamjapanda gari kwenda Kyerwa, mpigieni mwalimu. Mwambieni afungue taarifa za mfumo awasomee: ni Windows ya ngapi, na ni ya biti 32 au 64. Ikiwa ni Windows 7, Python ya mwisho inayokubali ni 3.8, mpya zaidi zitagoma kuanza. Akiwajibu kwamba kompyuta ni Dell, mshukuruni, kisha mwulizeni tena.